Kilima kimechakaa: kukiacha, kukisaidia, au kukipanda miti?

Baba mdogo alinipigia simu mwishoni mwa Septemba, majira ambayo upande wa Kilolo moshi wa moto kichaa huwa umetanda hata jua linachomoza jekundu. Ukoo ulikuwa umekaa vikao vitatu, ukanywa komoni ya kutosha, ukakubaliana jambo moja: kilima cha babu kirudi kuwa pori kama zamani. Chemchemi iliyokuwa ikinywesha kaya zote za chini siku hizi inakata mwezi wa nane, na vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi, vimebaki matuta ya vumbi.

"Mwanangu," akaniuliza, "tununue miche mingapi?"

"Baba mdogo, visiki bado vipo?"

Kimya. Kisha: "Mimi nakuuliza miche, wewe unaniuliza visiki?"

Swali lake ndilo karibu kila mtu huanza nalo, awe mwenyekiti wa kijiji, mchungaji wa usharika, au mfanyabiashara wa Mafinga aliyenunua ekari ishirini zilizochoka. Nimeshinda kwenye vitalu na mapori ya Nyanda za Juu Kusini muda wa kutosha kujua kwamba hilo ni swali la tatu au la nne. Idadi ya miche inategemea njia utakayoshika, na njia inategemea kilichobaki ardhini. Zipo tatu za kweli: kuacha pori lijirudie, kulisaidia lijirudie, na kupanda upya. Ipo na ya nne, ambayo hujipenyeza katika kila kikao, nayo nitaigusa. Mwisho nitalinganisha jambo ambalo wengi hulisahau: kazi hii muifanye wenyewe, au mlipe watu walioisomea.

Kwanza, soma ardhi

Nenda kilimani Oktoba, kabla ya mvua. Miti ya miombo ina tabia nzuri sana kwa mkaguzi: huchipua majani mapya kabla tone la mvua halijaanguka, na majani hayo huwa mekundu au ya rangi ya shaba. Hata kichipukizi cha urefu wa goti kilichojificha kwenye nyasi hujitangaza chenyewe. Tembea kwa mstari kutoka chini hadi juu, hesabu kila kisiki chenye uhai ndani ya hatua mbili kulia na mbili kushoto. Rudia mistari mitano, sita. Daftari la shule linatosha.

Halafu kaulize wanawake wanaookota uyoga. Sitanii. Mitundu, mikusu na miti mingine mingi ya miombo huishi kwa ubia na kuvu wa ardhini wanaoishikia mizizi na kuisaidia kunyonya chakula. Uyoga mwingi ule unaouzwa kwenye mabeseni kandokando ya barabara kuu Iringa wakati wa masika ni matunda ya kuvu haohao. Mama akikwambia "pale juu bado tunaokota," udongo wako una uhai ambao hakuna kitalu kitakachokuuzia. Akikwambia uyoga uliisha tangu palimwe mahindi miaka kumi mfululizo, hiyo ni habari ya aina nyingine.

Jambo la tatu ni kuuliza wazee palikuwaje. Si kila mahali palikuwa msitu. Uwanda wa Kitulo kule Makete, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambao watu wanauita Bustani ya Mungu, ni nyika ya majani na maua tangu asili. Okidi zake zilikuwa zikichimbwa viazi na kupelekwa Zambia kuliwa. Mtu anayepanda miti kwenye nyika ya namna ile anaharibu pori huku akipigiwa makofi kwamba analirudisha. Kama kipande chako kiko juu kwenye baridi, kina majani mafupi na maua ya msimu, na hakuna mzee anayekumbuka mti pale, basi ondoa miti iliyovamia, zuia jembe, uishie hapo.

Njia ya kwanza: kuacha

Kuacha maana yake ni kufunga eneo: hakuna kulima, kuchunga, kuchoma mkaa wala kukata. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu enzi, malisho yanayofungwa hadi kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 uliifufua mila hiyo, na mpaka unafungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudiwa na miti na vichaka. Sehemu kubwa ya hekta hizo hazikupandwa na mtu. Zilifungwa tu, mizizi iliyokuwa hai chini ikamaliza kazi.

Kwa hiyo nikisikia mtaalamu anacheka njia hii kwamba ni ya kivivu, namwachia kicheko chake. Kwa miombo yenye visiki hai, kuacha ni rahisi kwa fedha na mara nyingi kunatosha.

Tatizo ni moto. Kule Ndola, Zambia, kuanzia mwaka 1933 walitenga viwanja vya miombo: vingine wakavikinga kabisa na moto, vingine wakavichoma mapema kila mwaka majani yakiwa bado na unyevu, vingine wakavichoma mwishoni mwa kiangazi. Vilivyokingwa viligeuka msitu mzito. Vilivyochomwa mapema viliendelea kuwa na miti. Vilivyochomwa mwishoni vilibaki nyasi na visiki. Huku kwetu moto mwingi huja Septemba na Oktoba, yaani wakati ule mbaya kabisa, kutoka kwa anayesafisha shamba, anayewinda panya, au mrina asali aliyesahau mwenge. Ukifunga eneo miaka mitatu bila mpango wa moto, umelundika nyasi kavu za miaka mitatu. Kuacha bila kulinda ni kuandaa kuni.

Njia hii pia haifai pale adui ameshajenga. Ukipanda Mlima Rungwe utaona sehemu ambazo msitu ulikatwa au uliungua, zikatwaliwa na yale majani marefu yanayofanana na manyoya ya ndege, yanayomfika mtu kifuani na kufunga ardhi isipate mwanga. Mbegu ya mti ikidondoka pale haioti. Sehemu kama hiyo unaweza kuifunga miaka ishirini na ukaikuta vilevile.

Njia ya pili: kusaidia

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nakiri mapema ili msomaji anipunguzie alama akitaka.

Kusaidia ni kufanya kazi na kilichopo. Kwenye visiki vya miombo ni kama wanavyofanya Dodoma kwa jina la Kisiki Hai: kisiki kimetoa machipukizi ishirini, wewe unachagua matatu au manne yaliyonyooka, unakata mengine, unapogolea matawi ya chini ya yale uliyobakiza, unayafunga alama ili mchungaji na mkata kuni wajue yana mwenyewe. Nguvu yote ya mzizi wa miaka arobaini inakwenda kwenye shina chache. Mche wa kitaluni hauwezi kushindana na hilo. Miombo inayoanzia kwenye mbegu hutumia miaka yake ya mwanzo kujenga mzizi. Juu ya ardhi unaona kijiti kinachokauka kila kiangazi na kuchipua tena, hata mwenye shamba anakata tamaa na kudhani kimekufa.

Aliyeipa njia hii umaarufu duniani ni Mwaustralia, Tony Rinaudo, aliyekuwa Niger miaka ya 1980. Alikuwa akipanda miche inayokufa, mpaka siku alipokitazama vizuri kichaka kimoja jangwani akaona si kichaka, ni mti uliokatwa unaojaribu kurudi.

Nimemtaja uraia kwa makusudi. Milingoti, yaani mikaratusi, tunayolalamika kwamba inanyonya maji asili yake Australia. Miwati iliyoletwa Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, na kampuni ya miwati ikaanza pale mwaka 1949, nayo asili yake Australia. Huko kwao ni pori la asili, lina ndege na wadudu wake, na watu hulipwa mshahara kulitunza. Kutunza pori kumekuwa fani kamili kwao, na mbegu ya fani hiyo ni ndugu wawili wa kike wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, waliokuwa wakitembea porini karibu na kwao miaka ya 1960 waking'oa magugu ya kigeni kwa mikono. Waliishia na kanuni tatu. Anzia palipo pazuri ukielekea palipoharibika. Usivuruge udongo kuliko inavyolazimu. Na mwendo wa kazi uamuliwe na kasi ya mimea ya asili kurudi, usiamuliwe na hamu yako ya kumaliza.

Kanuni ya kwanza inapingana na silika yetu yote. Ukimpa kijana panga umpeleke kwenye kilima chenye miwati, atakimbilia pale ilipofunga giza, afyeke, ajisikie shujaa. Mwaka unaofuata patakuwa na miwati midogo kama mchicha. Mbegu zake hukaa ardhini hai kwa miongo kadhaa, na moto ndio huziamsha. Ukifyeka na kuchoma takataka pale pale umezipigia kengele. Fundi anayejua huanzia pembeni, kwenye mitundu na mikusu ambako miwati michache ndiyo kwanza inaingia. Ile midogo huing'oa na mzizi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Mikubwa huikata chini kabisa, na anarudi. Msimu unaofuata anarudi tena. Eneo zuri linapanuka taratibu kuelekea lile baya, na kila hatua mbegu za asili ziko jirani kujaza pengo.

Mlingoti ni shughuli nyingine. Ukiukata unachipua kama miombo, na kwa kasi zaidi. Huko Australia na Afrika Kusini hupaka kisiki dawa ya magugu papo hapo baada ya kukata, kabla utomvu haujafunga. Inafanya kazi, lakini sitaki kuiona karibu na chemchemi mikononi mwa mtu asiyesoma kibandiko cha chupa. Jirani na maji, rudi kila miezi michache uvunje machipukizi mpaka kisiki kichoke. Ni kazi ya kuchosha, na kisiki hakichoki upesi.

Kama unahitaji hoja ya kumshawishi diwani: Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa serikali wa kuajiri watu maskini kung'oa miti ya kigeni, miwati ikiwemo, na lengo lililotangulizwa lilikuwa maji ya mito.

Njia ya tatu: kupanda

Kupanda kuna mahali pake. Palipolimwa kwa muda mrefu hadi visiki vikang'olewa. Palipotwaliwa na yale majani ya Rungwe. Kingo za chemchemi zilizobaki wazi. Au kipande kinachotenganisha misitu miwili, kama pale Bujingijila kati ya Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone, ambako ushoroba mwembamba ulioharibika ndio unaowaunganisha wanyama wa pande mbili. Wanyama hao ni pamoja na kipunji, kima aliyejulikana kwa sayansi mwaka 2003 tu wakati wazee wa Rungwe walikuwa wakimzungumzia siku zote. Pale huwezi kusubiri.

Lakini kupanda miti ya asili si kama kupanda misindano (paini), na hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Mbegu ya msindano unanunua, unaweka kabatini. Mbegu za mivengi, ile miti ya kandokando ya maji, haziwekwi kabatini. Zikikauka zimekufa, inabidi uokote zilizodondoka na kuziatika siku hizo hizo. Prunus africana, mti ambao gome lake linatengenezewa dawa ya tezi dume, nao mbegu zake hupoteza uhai haraka. Kwa hiyo mtu anayekuuzia miche ya asili muulize mbegu aliokota wapi na lini. Akisema "tunazo stoo," mwage kwa adabu.

Kwa miche ya miombo, ndani ya kiriba, kile kifuko cha kuoteshea, lazima uwemo udongo uliochotwa chini ya miti mama, kwa ajili ya wale kuvu. Bila hivyo mche unadumaa, unakuwa wa manjano, na mwenye kitalu anamwaga mbolea bure.

Kwa misitu ya juu yenye mvua, anza na miti inayokua haraka na kutoa kivuli, jamii za Macaranga na Croton, kisha ndani ya kivuli hicho ulete ile inayotaka ubaridi, kama mpodo. Mtu anayepanda mpodo peke yake juani kwenye kilima kitupu ananikumbusha anayepaua nyumba kabla ya kujenga kuta.

Kuhusu hesabu, ambayo baba mdogo alikuwa anaisubiri kwa hamu: kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inameza miche 1,111, ekari kama 450. Hiyo ni miche ya kupanda tu. Weka na ya kurudishia itakayokufa, na palizi, ambayo kwenye nyasi ndefu ndiyo inayoamua nani anaishi. Mwaka wa kwanza usipopalilia walau mara mbili, afadhali hela hiyo ungenunulia mizinga.

Na tarehe. Siku ya taifa ya kupanda miti ni 1 Aprili. Kwa wenzetu wa pwani na kaskazini mvua ndiyo inakolea. Sisi huku tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba. Iringa ikifika Aprili mvua inaaga. Tukuyu inakonyesha hadi Mei na kuendelea unaweza kuthubutu. Kwingine, mche uliopandwa siku ya sherehe unapata wiki chache za kunywa, halafu miezi sita ya jua, na kule Njombe na Makete unaongezewa jalidi la Juni na Julai. Mimi mwenyewe nimewahi kushiriki sherehe moja, fulana mpya, picha, miche elfu kadhaa juu ya kilima kisicho na uzio. Septemba nilirudi kuhesabu. Niliyoiona hai nilihesabu kwa vidole, na mbuzi mmoja alikuwa anaishughulikia. Walioandaa siwataji, kosa lilikuwa letu sote, hakuna aliyeuliza nani atapalilia. Pandeni Desemba na Januari. Siku ya sherehe nendeni mkapalilie, na fulana zenu.

Kwa haraka, bega kwa bega

| | Kuacha | Kusaidia | Kupanda |
|---|---|---|---|
| Panapofaa | Visiki hai vingi, msitu jirani, hakuna miti vamizi | Visiki vipo lakini vimezongwa na miwati, mifugo au machipukizi mengi | Hakuna visiki, udongo uliolimwa sana, kingo za maji zilizo wazi |
| Fedha inakwenda wapi | Ulinzi na barabara za moto | Mikono ya watu, miaka mitatu hadi mitano | Miche, kisha palizi, kisha kurudishia |
| Kinachoua kazi | Moto wa Oktoba | Kuacha katikati | Kiangazi cha kwanza |
| Utaona mabadiliko | Polepole, kwa kushtukiza | Msimu wa kwanza | Siku ya kwanza, kisha unaweza usiyaone tena |

Ile njia ya nne

Kila kikao kina mtu wa kusema: "Kwa nini tusipande misindano, tukapata na mbao?" Sina ugomvi na msindano. Sao Hill pale Mufindi ni shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, na ada za shule nyingi za mikoa hii zimetoka kwenye mbao na nguzo. Lakini shamba la misindano ni shamba, kama la mahindi. Mnaweza kuamua kilima kiwe shamba, ni haki yenu, ila msiite pori, na msitegemee chemchemi irudi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Vinyungu na milingoti iliyogusa maji ni kesi inayosubiri mlalamikaji.

Mwenye tamaa ya kipato wakati pori likijirudi, afikirie nyuki. Miombo inayochipuka inafaa kwa mizinga mapema, na mwenye mizinga kilimani ndiye wa kwanza kukimbilia moto.

Wenyewe, au mtaalamu?

Wanakijiji wanaijua ardhi, wapo kila siku, na eneo likishatangazwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 wanaweza kuweka sheria ndogo na kutoza faini. Hakuna kampuni itakayolala kilimani kwako Oktoba kusubiri moto. Kwa upande wao wa udhaifu: huanza wote, humaliza watatu, na panga halichagui, hukata mtundu mchanga pamoja na muwati kwa sababu wakati wa majani machache vijiti vyote hufanana.

Mtaalamu anakuletea jicho. Ataona kwamba nusu ya kilima haihitaji mche hata mmoja, na ukaguzi wa siku mbili wa namna hiyo unaweza kukuokolea gharama za miche za miaka miwili. Anajua kupanga kazi ya miaka mitano, kuandika kumbukumbu, kupiga picha kutoka jiwe lile lile kila Mei ili hoja ya "pamebadilika au hapajabadilika" iishe. Udhaifu wake ni kwamba analipwa kwa kilicho rahisi kuhesabu. Ukimwekea mkataba wa miche 10,000, atapanda 10,000, atakupa ripoti yenye picha, atapokea hundi, na hajavunja mkataba wowote mche ukifa Agosti.

Mimi naona hivi: mlipe mtaalamu kwa ukaguzi, kwa mpango, kwa kuwafundisha vijana kutofautisha mimea, na kwa kurudi kukagua mara mbili kwa mwaka. Kazi ya mikono wapeni vijana wa kijiji kwa ujira, wasijitolee. Kujitolea hukoma siku ya kuvuna mahindi. Kama lazima kampuni ifanye yote, malipo yagawanywe, na fungu kubwa litolewe baada ya kiangazi cha pili kwa kuhesabu kilicho hai, machipukizi ya asili yakihesabiwa sawa na miche. Kifungu hicho kimoja kitakuonyesha nani anaamini kazi yake. Mmoja niliyempa rasimu yenye kifungu hicho aliniambia atanipigia. Bado nasubiri.

Maswali ya kumpima ni machache. Mbegu unatoa wapi? Utaanzia upande gani wa kilima, na kwa nini? Mwaka wa tatu utakuwa unafanya nini? Akikujibu lile la pili kwa kusema "palipoharibika zaidi," mnyweshe chai umsindikize.

Usisahau milango ya bure. Ofisa misitu wa wilaya ni wa kumwona kabla ya kukata chochote, kwa kuwa miti kama mninga ina masharti hata ikiwa kwenye ardhi yako. TFS, wakala wa huduma za misitu, wana wataalamu wa mbegu za miti. TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Mufindi. Na kama shida yenu hasa ni maji, bodi ya maji ya bonde lenu: ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa Tukuyu, ya Ziwa Rukwa Mbeya mjini.

Kilima cha babu

Nilikwenda wiki ya pili ya Oktoba. Baba mdogo alinipokea na "Kamwene" ya unyonge, bado amekasirikia visiki vyangu. Tulipanda pamoja na binamu wawili na daftari. Theluthi ya juu ilikuwa imejaa wekundu: mitundu, mikusu, hata mininga miwili, yote chini ya kiuno, imeliwa na kuungua mara nyingi. Mzee alisimama akashika kimoja, akasema alidhani ni magugu. Katikati palikuwa na miwati upande wa magharibi, imeanza kupenya. Chini, kuzunguka chemchemi, palikuwa patupu kabisa, pamelimwa hadi kwenye tope.

Tukaandika hivi. Juu: kufunga, kupogolea visiki, barabara ya moto inayosafishwa kila Mei, na kuchoma mapema ukanda wa nje kwa kibali na ofisa wa kijiji akiwepo. Katikati: vijana wanne, siku mbili kwa wiki masika yote, kuanzia mpakani na mitundu wakishuka kuelekea kwenye miwati, hakuna kuchoma takataka. Chini: vinyungu vihame nje ya mita 60, jambo lililozua ugomvi mkubwa kuliko yote kwa sababu kimoja ni cha shangazi, na hapo ndipo tutapanda, mivengi na mikuyu, mbegu tuokote wenyewe kwenye mto ng'ambo.

"Kwa hiyo miche mingapi?" aliniuliza tukishuka.

Kipande cha chini hakifiki hata ekari moja. Nilimwambia mia tano, pamoja na ya kurudishia.

Alikuwa ameshaahidiwa elfu nane na mtu wa kitalu, na alikuwa ametoa kishika uchumba. Tulitumia nusu ya njia ya kurudi kupanga namna ya kwenda kumwomba huyo bwana abadilishe fedha ile iwe viriba.